Saksafoni ya Alto: Hajulikani

Siku Mzee Emilian Gwandu alipozikwa Rhotia, wasifu wake ulisomwa kwa dakika kumi na moja na hakuna aliyekohoa. Mkewe, Mwalimu Hyasinta, ndiye aliyeuandika. Familia nyingi humwachia kazi hiyo mjomba yeyote mwenye kalamu, na matokeo yake marehemu husomwa kuwa alizaliwa baada ya mdogo wake, au mtoto mmoja husahaulika, na watu hurudi makwao wakiwa na la kuzungumza. Hyasinta alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Hakutaka aibu ya namna hiyo mlangoni kwake. Waombolezaji wakiendelea kuingia uani, yeye alijifungia chumbani asubuhi nzima akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: kuzaliwa, ubatizo, shule ya misheni, ndoa, watoto wanne, useremala, ualimu wa kwaya, uenyekiti wa halmashauri ya walei. Alipofika mwaka 1974 hadi 1978 aliandika sentensi moja tu: "Katika kipindi hicho marehemu alikuwa Arusha kwa masomo ya ufundi."

Masomo hayo yalikuwepo, kwa miezi sita. Muda uliobaki, miaka mitatu na ushee, Emilian aliutumia kupuliza saksafoni katika bendi iliyoitwa Oldeani Jazz. Walipiga dansi kwenye baa za Arusha, Babati na Mto wa Mbu, na mara moja walisafiri hadi Nairobi kurekodi albamu nzima. Wakati ule bendi yoyote ya dansi ilijiita Jazz, lakini vijana hawa watano walikuwa wameisikiliza jazz yenyewe redioni, wakaichanganya na nyimbo za Kiiraqw walizokua nazo. Hyasinta hakuujua mchanganyiko huo wala hakutaka kuujua. Alichojua ni kwamba baba yake alikuwa katekista, na katekista hamwozi bintiye kwa mtu anayelala mchana na kuamka jua likizama. Hakumtuma mtu. Alimwambia Emilian mwenyewe, nje ya geti la chuo cha ualimu, sare yake ikiwa imepigwa pasi.

"Chagua. Mimi au hilo bomba."

Emilian alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. Wiki iliyofuata saksafoni ilikuwa kwa rafiki yake Wilibrodi Sulle, mpiga ngoma wa bendi. Nywele zilikuwa zimenyolewa, na barua ya posa ilikuwa imefika kwa katekista. Kwa miaka thelathini na tisa ya ndoa hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililomfanya Hyasinta aamini kwamba alikuwa amefanya sahihi.

Wilibrodi alikuja msibani akiwa na sanduku jeusi begani. Hyasinta alimwona kabla hajafika kwenye turubai, akamfuata langoni.

"Pole sana, shemeji," Wilibrodi alisema. "Nimekuja na kifaa chake. Naomba nimpulizie kidogo pale kaburini. Wimbo mmoja, kabla ya udongo."

"Kwaya ya parokia ipo, shemeji."

"Najua ipo. Si ndiye aliyeifundisha?"

"Basi umejijibu. Huu ni msiba wa watu wenye heshima zao. Kama umekuja kuzika, liweke hilo sanduku kwenye gari, uje ukae."

Wilibrodi hakuwa na gari. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Endabash. Alisimama pale, akamshika Hyasinta mkono kwa mikono yake miwili kama desturi inavyotaka, kisha akageuka akaondoka na sanduku lake. Hyasinta alirudi kwenye turubai akaketi, mgongo umenyooka.

Miaka minne baadaye akaja Sebastian. Alikuwa kijana wa Marangu aliyewaongoza watalii kushuka kreta ya Ngorongoro kwa miaka kumi, akachoka na vumbi, akafungua mgahawa wa kahawa pale Karatu, kando ya barabara ya kwenda getini. Wageni walimpenda kwa sababu ya kahawa. Yeye mwenyewe alipenda santuri. Alizikusanya zile zinazotolewa upya: albamu za jazz na za miziki iliyochanganywa na jazz, zilizorekodiwa Afrika miaka hamsini iliyopita, zikapotea, na sasa kampuni ndogo za Ulaya zinazichapa tena kwenye sahani mpya nzito, zenye jalada zuri na kijitabu cha maelezo ndani.

Aliketi kwenye kochi la Hyasinta akashika kikombe cha chai kwa adabu.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Kuna kampuni inataka kuitoa upya albamu moja ya bendi ya hukuhuku. Mimi ndiye ninayewatafutia wanamuziki. Wote nimewapata, hai au marehemu. Nimekwama kwa mmoja, mpuliza saksafoni."

Alimwonyesha picha kwenye simu. Vijana watano wenye suruali pana chini, mmoja ameinamisha kofia hadi puani. Kidole gumba cha yule mwenye kofia kilikuwa na kovu la patasi. Hyasinta alilijua kovu lile kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Alilifunga bandeji mwenyewe lilipopasuka tena mwaka 1981.

"Huyu mimi simjui," alisema.

"Kuna mzee mmoja Babati alinitajia jina la Emilian."

"Akina Emilian ni wengi, mwanangu. Wamisionari waliwabatiza wengi kwa jina hilo."

"Mzee wako hakuwahi kupiga muziki wowote?"

"Wa kanisani. Ngoja." Akainuka, akatoa kabatini nakala ya wasifu iliyopigwa chapa, yenye picha ya marehemu akiwa na suti na tai. Akaweka kidole penye ile sentensi. "Soma mwenyewe. Miaka hiyo alikuwa masomoni."

Sebastian alisoma, akashukuru, akaomba ruhusa ya kupiga picha ukurasa ule. Hyasinta alimruhusu. Akamtajia hata tarehe ya cheti.

Kabla hajaondoka, kijana alieleza jambo ambalo hakuulizwa. Alisema kazi hii ni ngumu kwa sababu tepu za studio zilishatupwa, kwa hiyo kampuni inalazimika kunakili kutoka kwenye sahani kuukuu. Sahani pekee iliyopatikana ilikuwa na mkwaruzo mrefu, tena hapo hapo saksafoni inapoanza. "Wakusanyaji huwa wanasikiliza mambo hayo kwanza, Mama. Wanauliza imenakiliwa kutoka wapi, na majina yote yapo? Albamu yenye sauti safi na majina kamili ndiyo ya kuwa nayo. Tungepata hata nakala moja nyingine isiyoguswa, ingekuwa kitu kikubwa."

Hyasinta alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayesikia habari za mbali. Nakala isiyoguswa ilikuwa imewahi kuwa ndani ya nyumba ile. Mwaka 1986, walimu walipotakiwa kutengeneza mapambo kwa ajili ya mgeni rasmi, yeye aliitumbukiza sahani ile kwenye sufuria ya maji ya moto, akaikunja kingo ilipolegea, ikawa bakuli jeusi zuri la maua ya karatasi. Walimu wengi walifanya hivyo kwa santuri za zamani. Emilian alilikuta bakuli mezani, akaligeuza, akasoma lebo iliyobaki katikati. Kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Mgeni rasmi alilisifu, akaondoka nalo.

Albamu ikatoka. Hyasinta alijua kwa sababu Sebastian alimwita Selestina, mwenyekiti wa jumuiya, akamwomba awaletee wanawake watu wazima wanaojua Kiiraqw cha zamani. Upande wa pili wa santuri ulikuwa na kipande kirefu kilichofuata mtindo wa slufay, zile baraka ambazo mzee mmoja hutamka na wengine wakaitikia, na Sebastian alitaka kujua kipande kile kimetoka wapi. Jumamosi saa tisa alasiri, kahawa bure.

Hyasinta aliwaza kutokwenda. Lakini mwalimu mkuu mstaafu, mke wa aliyekuwa mwalimu wa kwaya, asipoonekana mahali wanapoulizwa wajuao nyimbo, watu watauliza. Akavaa kitenge chake cha Pasaka akaenda.

Walikuwa wanawake saba kuzunguka meza mbili zilizounganishwa. Ukuta mzima nyuma ya kaunta ulikuwa wa santuri zilizopangwa wima kama vitabu. Sebastian alizitoa moja moja kwa ncha za vidole, akiwaonyesha kama mtu anayeonyesha watoto wake.

"Hii ni ya Addis Ababa, vinanda na tarumbeta. Hii ya Lagos, sikilizeni besi. Hii ya Afrika Kusini, waliirekodi kwa siku moja, na ukitaka kununua ile ya kwanza kabisa ujue utauza ng'ombe. Hii iliyotolewa upya unaipata kwa bei ya mbuzi, na sauti yake ni ile ile."

"Mbuzi wa wapi?" Selestina akauliza. "Wa mnadani Karatu au wa Malambo? Maana wa Malambo siku hizi ana bei ya ada ya shule."

"Na kahawa yenyewe haina maziwa," mwingine akasema. "Sebastian, wageni wako ndivyo wanavyoteseka hivi?"

Wakacheka, maziwa yakaletwa. Sebastian akaweka Oldeani Jazz.

Ngoma zilitangulia, nyepesi, kama mtu anayepepeta nafaka. Gitaa likafuata. Halafu ukasikika mkwaruzo, tiki, tiki, tiki, na ndani ya mkwaruzo ule saksafoni ikaingia. Haikupiga kelele. Ilisema neno, ikanyamaza, na bendi nzima ikaitikia. Ikasema tena, ikaitikiwa. Hyasinta alikuwa amejiandaa kusikia kitu cha baa. Alichosikia ni wimbo wa matoleo.

Ulikuwa ule ule. Ni sauti ya pili ambayo Emilian aliifundisha kwaya ya Rhotia mwaka wa Jubilei, akasema ameitunga kwa ajili ya Mwanakondoo, na kila Jumapili ya sikukuu kwa zaidi ya miaka kumi sadaka zilipelekwa altareni kwa sauti ile. Selestina, aliyekuwa sauti ya pili tangu usichana wake, alifumba macho akaanza kuifuata kwa kuguna. Wa pili akajiunga, na wa tatu. Wanawake watano wa kwaya ya zamani waliguna pamoja na mume wa Hyasinta, na hawakukosea hata mahali pamoja.

Sebastian alikuwa amesimama kinywa wazi. Alipunguza sauti ya mashine.

"Mnaujua?"

Kila mmoja akatazama kikombe chake. Hakuna aliyemtazama Hyasinta, hata kwa pembe ya jicho, hata kwa bahati mbaya. Watu saba wamekaa karibu kiasi cha kugusana viwiko, na macho yao yote yameweza kumkwepa mtu mmoja. Mambo kama hayo hayatokei bila mazoezi ya muda mrefu. Hyasinta alihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi masikioni.

"Ni wimbo wa zamani tu," Selestina akasema. "Huku kila mtu anaujua."

"Wa nani?"

"Wa watu wote, mwanangu. Andika hivyo."

Sebastian akaandika. Selestina ni mwanamke ambaye aliwahi kurudi sokoni kwa miguu kurudisha vitunguu viwili alivyozidishiwa.

Waliporudi walishuka pamoja kwenye bajaji, wakapanda njia ya udongo kuelekea majumbani, na Hyasinta akasubiri hadi wenzao wakatangulia.

"Tangu lini mnajua?"

Selestina hakujifanya haelewi. "Tangu alipoanza kufundisha kwaya, Mwalimu. Kaka yangu alikuwa akiwafuata hadi Mto wa Mbu kucheza. Alipomwona Mzee altareni akasema, huyu si yule wa saksafoni? Mama yangu akamkanya."

"Na wengine?"

"Wengine nao walikuwa na kaka zao."

Wakapanda hatua kadhaa.

"Siku ya mazishi, nilipoandika ile habari ya ufundi."

"Tuliisikiliza."

"Mkajua si kweli."

"Tulijua wewe hupendi lisemwe." Selestina alisema hivyo kwa upole, na upole ndio uliouma. "Hata Baba Paroko aliwahi kuuliza, kuna mtu alimpenyezea. Tukamwambia aachane nalo, Mwalimu ataona vibaya. Sasa ungetaka tufanyeje? Tukusahihishe mbele ya jeneza?"

Kwa miaka yote alijiona amesimama mlangoni akizuia uvundo usitoke nje. Kumbe majirani walikuwa wameketi sebuleni muda wote, wamenyamaza ili asifedheheke.

Alikuwa na kijitabu cha albamu kwenye mkoba. Sebastian alimpa kila mmoja nakala iliyopigwa fotokopi pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Asubuhi, baada ya misa, alikisoma barazani akiwa amevaa miwani. Kilieleza bendi, baa, safari ya Nairobi. Kisha orodha. Gitaa la kwanza, jina kamili. Gitaa la pili, jina kamili. Besi, jina na mwaka wa kufa. Ngoma: Wilibrodi Sulle, wa Endabash. Saksafoni ya alto: hajulikani.

Chini yake mwandishi alikuwa ameeleza kwamba mtu huyo asiyejulikana ndiye roho ya albamu, kwamba yeye ndiye aliyeleta nyimbo za Kiiraqw kwenye jazz wakati ambapo hakuna mwingine aliyefikiria kufanya hivyo, na kwamba juhudi zote za kumtambua zilishindikana. "Familia moja ya Karatu ilihojiwa," kilimalizia, "nayo ilikanusha kwa maandishi."

Alikisoma kijitabu kile mara mbili, kama anavyosoma barua kutoka ofisi ya elimu, akitafuta mahali pa kupinga. Hapakuwa na mahali. Hata jina lake hawakulitaja. Walikuwa wamemstahi. Alikuwa amelinda jina la Gwandu kwa ukamilifu kiasi kwamba lilikuwa limefutika.

Jumatatu alikuwa mgahawani kabla viti havijashushwa.

"Yule wa kofia ni mume wangu," alimwambia Sebastian akiwa bado amesimama. "Nilijua siku ile ile."

Sebastian aliweka kitambaa alichokuwa akifutia kaunta.

"Mama, nilikuja kwako kukuuliza."

"Ulikuja."

"Ukanitajia hadi tarehe ya cheti."

"Nilikutajia. Nataka irekebishwe."

"Hizi zilizotoka zimeshatoka. Ziko Japani, ziko Ujerumani, ziko kwenye makabati ya watu. Hazirudi." Akasita, kisha, kwa kuwa alikuwa mkusanyaji na hakuweza kudanganya kuhusu jambo hilo, akaongeza: "Na nikuambie ukweli, Mama. Likitoka toleo lenye jina, hili lenye kosa ndilo litakalotafutwa zaidi. Wakusanyaji wanapenda chapa ya kwanza yenye kosa. Wataitambua kwa neno hilo: hajulikani."

Hyasinta alivuta kiti, akakaa.

"Kuna toleo la pili?"

"Lipo. Maandishi yake yanafungwa Ijumaa. Ila hawatakubali neno lako peke yake, kwa sababu ulishakanusha. Wanataka sauti yako iliyorekodiwa, na mwanabendi aliye hai athibitishe. Aliye hai ni mmoja."

"Wilibrodi."

"Naye nilimuuliza zamani. Alisema alto alikuwa kijana wa Kondoa, jina limemtoka."

Jumatano Sebastian alimpeleka Endabash kwa gari alilokuwa akitumia kubebea watalii. Njia nzima Hyasinta alitunga maneno. Alikuwa na kipaji cha kutunga maneno.

Wilibrodi alikuwa uani akipepeta mbaazi. Alikuwa amekonda, lakini ungo ulikwenda juu na chini mikononi mwake bila kukosa mapigo. Aliwaona wakishuka, akaendelea.

"Karibu, shemeji. Leo nimevaa vibaya, nisingekuja kwako hivi."

"Shemeji, nimekuja na ombi."

"Kaa kwanza. Mimi ombi langu ulilisikiliza nikiwa nimesimama, lakini wewe kaa."

Hyasinta alikaa kwenye kigoda. Akalimeza lile, kwa kuwa alistahili. Akamwambia habari ya kijitabu, toleo la pili na Ijumaa. Wilibrodi alimsikiliza huku akichagua mawe madogo kutoka kwenye mbaazi.

"Kwa nini ulisema Kondoa?" Hyasinta akamuuliza.

"Huyu kijana aliponiambia kuwa mwenye mume amekanusha, ningesemaje? Nimwite mke wa Emilian mwongo mbele ya mgeni? Emilian mwenyewe aliniambia mwaka ule ananipa saksafoni: Wili, mtu akikuuliza, mimi na wewe tulikuwa tunajenga. Nikasema sawa. Nimejenga miaka arobaini na mitano." Akaweka ungo chini. "Nitathibitisha. Lakini utangulie wewe kusema, mimi nikiwa nasikia. Yote."

Sebastian aliweka simu juu ya gunia lililokunjwa, akabonyeza, akampa ishara.

Hyasinta alinyoosha kitenge magotini. "Naitwa Mwalimu Hyasinta Gwandu, mwalimu mkuu mstaafu, wa Rhotia, Karatu. Napenda kuthibitisha kwamba marehemu mume wangu, Emilian Gwandu, katika ujana wake, kwa muda mfupi, alishiriki katika shughuli za bendi ya..."

"Zima," Wilibrodi akasema. Sebastian akazima. "Shemeji, muda mfupi ndio upi?"

"Miaka mitatu na ushee."

"Na kushiriki ni semina. Watu wanashiriki semina. Emilian alikuwa anafanya nini?"

Hyasinta alitazama chini. Kuku alikuwa akidonoa makapi karibu na kiatu chake. "Alikuwa anapuliza saksafoni."

"Basi sema hivyo."

Sebastian akabonyeza tena. Safari hii alisema miaka, akasema saksafoni, akasema hata baa za Mto wa Mbu kwa majina yake, na sauti yake haikutetereka. Alisema kwamba nyimbo za Kiiraqw alizileta Emilian, kutoka kwa mama yake. Alikuwa akisema vizuri. Alijisikia akisema vizuri. "Na mwaka 1978," akamalizia, "marehemu aliamua kuuacha muziki wa dansi ili kulitumikia kanisa na familia yake."

Hakuna aliyesema zima. Sebastian alizima mwenyewe, akamtazama Wilibrodi. Mzee alikuwa ameshika mbaazi moja kati ya vidole viwili, akiigeuzageuza.

"Aliamua?" akauliza, taratibu.

Hyasinta alifungua mdomo na sentensi nzuri ikamjia, iliyokamilika, yenye kiima na kiarifu. Akaiacha ipite. Ikaja nyingine. Akaiacha nayo. Alikumbuka Emilian akitazama viatu vyake nje ya geti la chuo, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kile kicheko kidogo kilikuwa cha nini. Uso ulimchoma kama siku ile mgahawani, ila sasa hapakuwa na kikombe cha kutazama.

"Washa," akamwambia Sebastian.

Sebastian akawasha.

"Naitwa Hyasinta. Emilian Gwandu alikuwa mume wangu. Alipuliza saksafoni katika albamu hii, na alipuliza miaka mitatu na nusu. Hakuamua kuacha. Mimi ndiye niliyemwachisha. Nilimwambia achague, nikijua atanichagua mimi, na baada ya hapo sikumruhusu hata kulitaja jambo lenyewe ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alipokufa niliandika kwamba alikuwa masomoni, ikasomwa mbele ya watu waliojua kuwa nadanganya. Mlipokuja kuuliza, nilisema simjui. Nilimjua kwa kovu la kidole. Nilimwonea aibu." Kuku na barabara ya mbali viliingia vyote ndani ya simu. "Hakuwa na jambo la kuonewa aibu. Jina lake liandikwe. Emilian Gwandu, alto."

Sebastian hakugusa simu. Alimsubiri mzee.

Wilibrodi alirudisha mbaazi kwenye ungo. Akasogeza kigoda chake hadi karibu na gunia, akaiinamia simu kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Ni kweli," akasema. "Wilibrodi Sulle, ngoma. Nilikuwa nyuma yake, nilimwona."

Kisha akamwambia kijana aitume.